Luano: makala yana bei, mti hauna

Watu wengi huijua Luano kwa ndege. Ndio uwanja wa Lubumbashi, alikoshushwa Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, tarehe 17 Januari 1961, siku aliyouawa. Ukitoka uwanjani na kushika njia za udongo, uchumi unaokutana nao ni mwingine: mahindi, mboga, na zaidi ya vyote makala, yaani makaa ya kuni.

Lubumbashi, mji wa watu zaidi ya milioni 2, unapika bukari (ugali) kwa makala. Na hapo pana kinaya. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuna laini ya umeme ya kilomita 1,700 hivi kutoka bwawa la Inga, magharibi kabisa mwa nchi, hadi Kolwezi. Ilijengwa kwa ajili ya migodi ya shaba. Majumbani umeme hukatika, vitongoji vingine haujavifikia, kwa hiyo mbabula, jiko la makala, haipoi.

Kazi yenyewe ni ngumu. Mchomaji hukata miti ya miombo, hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, kisha hulinda tanuri usiku na mchana. Hewa ikipenya, yote huwa majivu. Kilo 100 za kuni hutoa kilo 10 hadi 20 tu za makala. Mifuko hupakiwa kwenye kinga (baiskeli) au lori. Masika barabara zinapoharibika na wachomaji wanaporudi kulima, bei mjini hupanda, lakini nyongeza humfikia kwanza mwenye gari na mchuuzi. Mchomaji hulipwa jasho lake basi. Mti haumo katika hesabu ya yeyote.

Tusimlaumu mchomaji haraka. Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ilipoporomoka, ajira iliyolisha Katanga ilikwenda nayo. Mwaka 2003 pekee wafanyakazi wapatao 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari. Makala hayadai diploma wala mtaji mkubwa. Tena mahali palipokatwa miti hupandwa mahindi, nayo yana soko la hakika: mji unategemea nafaka na unga wa Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na Zambia ikizuia kuuza nje, bei hupaa Lubumbashi.

Kupiga marufuku makala hakutafaa kitu maadamu hakuna cha kupikia badala yake. Kinachofaa ni msitu kupata mwenyewe. Visiki vya miombo huchipua vikiachwa bila moto wala jembe, ila nani atasubiri miaka hiyo yote kwenye ardhi isiyo yake? Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inaziruhusu jamii za wenyeji kupewa hati za konsesheni ya misitu yao, hadi hekta 50,000, bila kikomo cha muda. Viongozi wa vijiji vinavyouzunguka mji na waombe hati hizo sasa, na jimbo liwapunguzie gharama za ramani na makaratasi, wakati miti ya kuandikishwa ingalipo.