Krediti 3 za Kampala, krediti 12 za Dar

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa kwenye kamati ya uhamisho wa wanafunzi katika chuo kimoja hapa Tanzania. Mezani palikuwa na transkripti ya binti aliyesoma mwaka mzima Uganda, akitaka kumalizia shahada yake huku. Mjumbe mmoja akapitisha kalamu kwenye safu ya krediti: 3, 4, 3, 3. Akaguna. "Kozi hii kwetu ni krediti 12, huyu ana 3. Arudie." Hakuna aliyebisha, nami nikiwamo, tukafungua faili lililofuata.

Baba mtu akaleta barua ya malalamiko. Ndipo muhtasari wa kozi ya kule ulipowekwa sambamba na wa kwetu. Mada zilikuwa zilezile, vitabu karibu vyote vilevile, wiki 15 za mihadhara, saa 3 kila wiki.

Uganda, krediti 1 ni saa 15 za mwanafunzi kukutana na mwalimu, kwa hiyo krediti 3 ni saa 45 darasani. Tanzania tunahesabu kingine kabisa. Krediti 1 ni saa 10 za kazi yote ya mwanafunzi: mhadhara, semina, maktaba, kazi za nyumbani, hata maandalizi ya mtihani. Ukichukua saa zilezile 45 za darasani, ukaongeza 75 za kujisomea, unapata saa 120, yaani krediti 12.

Msomaji wa pwani atasema hizo ni pishi 3 na vibaba 12, mzigo ni uleule. Laiti ingekuwa rahisi hivyo! Pishi na kibaba vyote hupima mchele. Hapa mmoja anapima jasho la mwalimu, mwenzake anapima jasho la mwanafunzi, na uwiano wa viwili hivyo hubadilika kutoka kozi hadi kozi. Kozi ya uchoraji ramani na kozi ya falsafa zinaweza kuwa na saa sawa za darasani, ila moja ikamkeshesha mwanafunzi na nyingine isimkesheshe. Huwezi kuzidisha kwa 4 ukaenda zako.

Ukiongeza Ulaya, hesabu inazidi kukorogeka. Huko mwaka wa masomo una krediti 60 na kila moja ni saa 25 hadi 30. Sisi mwaka una krediti 120. Asiyejua atadhani mwanafunzi wa Dar anasoma mara mbili ya mwenzake wa Bologna, kumbe 120 zetu ni saa 1,200 na 60 zao zinaanzia saa 1,500. Burundi na Kongo, wanaofuata mpangilio wa shahada wa Kifaransa, wako upande huo wa 60. Neno ni moja, krediti, nalo linatamkwa vilevile Bujumbura, Mwanza na Kampala. Hapo ndipo mtego ulipo: maneno yakifanana, hakuna anayekumbuka kuuliza maana.

Kinachouma ni kwamba tuliwahi kuwa nyumba moja. Kuanzia 1963 hadi 1970, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa vyuo vya Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, na shahada ilikuwa ni ya chuo hicho kimoja. Nyumba ilipogawanywa, kila nchi ilikwenda na mizani yake, na baadaye kila moja ikaunda msimamizi wake: Uganda ina Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, Tanzania ina Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), Kenya ina Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Kazi ya kuwarudisha mezani iko kwa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao Kampala. Mwaka 2015 ulipitishwa mfumo wa pamoja wa sifa za elimu ya juu, na Mei 2017 wakuu wa nchi wakatangaza kuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki nzima ni eneo moja la elimu ya juu. Tangazo ni zuri. Ila afisa wa udahili mwenye faili 200 mezani hasomi matangazo, anasoma safu ya krediti.

Na sisi waandishi wa Kiswahili hatujasaidia sana. Nimeona nyaraka zenye "udhibiti ubora" na nyingine "uthibiti ubora", wakati mwingine katika kurasa mbili za waraka mmoja. Wengine husema ni makosa ya chapa. Kudhibiti ni kukaza, kuzuia kisivuke mpaka. Uthibiti ni ndugu wa thabiti na thibitisha: kuhakikisha kwamba kitu kimesimama imara. Mdhibiti hungoja kasoro mlangoni, mthibiti huuliza kama chuo chenyewe kina njia ya kuigundua kasoro kabla mgeni hajafika. Mimi nasimama na herufi th.

Ithibati nayo imetoka ukoo huohuo, na inawachanganya wazazi kila msimu wa udahili. Chuo kinaweza kuwa na ithibati huku programu moja ndani yake ikiwa haina. Bango la getini linazungumzia chuo. Mwanao anakwenda kusoma programu. Ulizeni vyote viwili.

Vipi kuhusu neno "ubora" lenyewe? Mwaka 1993 Lee Harvey na Diana Green walionyesha kwamba watu hulitumia kwa maana tano tofauti: upekee, ukamilifu, kufaa kwa lengo, thamani ya fedha, na mageuzi anayopata mwanafunzi. Mzazi huwaza ya nne, mwalimu wangu wa zamani aliwaza ya kwanza, na wakaguzi wengi hufanya kazi na ya tatu. Nimehudhuria mikutano iliyokula siku nzima hapo. Kwa maoni yangu tungeliacha hilo kwanza, tukakubaliana saa. Ukiwa na saa na orodha ya anachoweza kufanya mhitimu wa kozi, watu wawili wasioafikiana juu ya ubora bado wanaweza kulinganisha kozi mbili wakafika pamoja.

Binti yule faili lake lilirudi mezani. Safari hii tulihesabu saa, kozi kwa kozi, asubuhi nzima na chupa mbili za chai. Kati ya kozi 8 alihamishiwa 7. Ya nane alirudia, maana ya kwetu ilikuwa na saa 30 za maabara na ya kule haikuwa nazo hata moja. Baba yake aliposikia sababu hiyo hakuandika barua nyingine.