Kupasuliwa mgongo na kulala nyumbani: hesabu ya mgonjwa nchini Marekani

Mtu mwenye diski iliyochomoza kiunoni anaweza kuingia chumba cha upasuaji saa mbili asubuhi akawa kwake kabla jua halijazama. Nchini Marekani hilo limekuwa jambo la kawaida, na wazungumzaji wa Kiswahili wanaonyanyua mizigo ghalani au wagonjwa katika nyumba za wazee, kuanzia Columbus hadi Dallas, huelezwa na daktari kuwa watarudi nyumbani siku hiyohiyo. Wasichoelezwa mara nyingi ni kwamba upasuaji uleule, kwa mkono wa daktari yuleyule, unaweza kuleta bili mbili zinazotofautiana sana kutegemea jengo ulimofanyika. Tena usiku usiolala hospitalini nao una gharama, na anayeibeba ni wewe na jamaa zako.

Kusubiri au kupasuliwa

Chaguo la kwanza ni kutopasuliwa, angalau kwa sasa. Mwaka 2007 madaktari wa Uholanzi walitangaza matokeo ya utafiti wa wagonjwa 283 waliokuwa na maumivu makali yanayoshuka mguuni kwa wiki 6 hadi 12. Kundi moja lilipasuliwa mapema. Jingine liliendelea na dawa na mazoezi, na kupasuliwa pale tu hali ilipokataa. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi. Lakini mwaka ulipotimia, takriban asilimia 95 ya kila kundi walikuwa wamepona, na katika waliosubiri ni asilimia 39 tu walioishia kupasuliwa.

Maana yake ni kwamba kwa diski ya kawaida ya kiuno, unachonunua hasa ni muda. Mhasibu anayeweza kufanya kazi akiwa nyumbani anaweza kumudu miezi michache ya fiziotherapia na kulipa mchango mdogo kila anapokwenda. Anayelipwa kwa saa na hawezi kuinama, kila wiki ya kusubiri ni mshahara uliopotea. Fanya hesabu hiyo kabla ya kukubali tarehe.

Wako wasiotakiwa kusubiri kabisa. Mkojo ukigoma kutoka au ukitoka bila kujizuia, ganzi ikishika sehemu za siri na matakoni, au mguu ukizidi kulegea, hiyo ni dharura. Nenda hospitali saa hiyohiyo. Bei utaijadili baadaye.

Upasuaji gani unaruhusu kurudi nyumbani

Unaoongoza ni kuondoa kipande cha diski kinachobana neva, kwa darubini na kupitia mkato wa sentimita 2 au 3. Kwa kawaida mgonjwa hupewa nusu kaputi, kazi yenyewe huchukua kama saa moja, na baada ya saa chache husimamishwa atembee. Kupanua njia ya neva kwenye pingili moja ya kiuno nako mara nyingi huisha siku hiyohiyo. Upasuaji wa shingo wa pingili moja au mbili unawezekana pia, ila mgonjwa huangaliwa kwa saa kadhaa, kwa sababu damu ikivujia shingoni inaweza kubana njia ya hewa. Kuunganisha pingili nyingi kwa skrubu na vyuma ni kazi ya kulazwa.

Mwili wako nao una kauli. Moyo dhaifu, kisukari kisichodhibitiwa, unene mkubwa, kukatikiwa pumzi usingizini au dawa za kuzuia damu kuganda vinaweza kumfanya daktari wa nusu kaputi akutake ulale hospitalini. Usimwombe abadili mawazo kwa ajili ya bei.

Majengo mawili, bili mbili

Upasuaji wa kurudi nyumbani hufanyika katika kituo cha upasuaji kinachojitegemea, au katika idara ya wagonjwa wa nje ya hospitali. Ada ya daktari haitofautiani sana. Inayotofautiana ni ada ya jengo, na ya hospitali kwa kawaida ni kubwa zaidi. Medicare, bima ya serikali kwa wazee na baadhi ya wenye ulemavu, ina tovuti inayoonyesha wastani wa malipo ya mahali pote pawili. Unachohitaji ni namba ya upasuaji: diski moja ya kiuno ni 63030. Mwombe karani wa daktari akupe namba yako, maana ndiyo lugha ambayo bima na hospitali huielewa.

Tuseme, kwa mfano tu, bima yako inakutaka ulipe dola 3,000 za kwanza kila mwaka, kisha asilimia 20 ya kinachobaki, na kikomo chako cha mwaka ni dola 7,000. Kituo kikidai jumla ya dola 12,000, utalipa 4,800. Hospitali ikidai 24,000, hesabu ingefika 7,200, lakini kikomo kinakusimamisha kwenye 7,000. Tofauti ni dola 2,200 za mfukoni mwako. Sasa tuseme umeshafikisha kikomo kwa sababu ya uzazi au ugonjwa mwingine mwaka huohuo. Hapo jengo halibadilishi chochote mfukoni, mradi yote mawili yamo kwenye mtandao wa bima yako, yaani yana mkataba nayo, na kupasuliwa kabla hesabu ya mwaka mpya haijaanza kuna faida kuliko kuahirisha.

Usiulize bei moja, kwa kuwa bili hazitakuwa moja. Jengo litaleta yake, daktari mpasuaji yake, daktari wa nusu kaputi yake, na wakati mwingine fundi anayefuatilia neva kwa mashine wakati wa upasuaji. Tangu Januari 2022, sheria iitwayo No Surprises Act inawazuia wataalamu kama hao kukudai bei ya nje ya mtandao ikiwa jengo lenyewe liko ndani ya mtandao. Ukipewa fomu ya kuachilia kinga hiyo, soma kabla ya kusaini.

Asiye na bima

Hapa mizani inaweza kugeuka. Kituo kinachojitegemea huwa na bei ya taslimu iliyo chini, na sheria hiyohiyo inakupa haki ya makadirio ya maandishi: upasuaji ukipangwa siku 10 za kazi au zaidi kabla, wakupe ndani ya siku 3 za kazi. Mtoa huduma akija kukudai dola 400 au zaidi juu ya makadirio yake, unaweza kupinga ndani ya siku 120.

Lakini hospitali zisizo za faida hutakiwa na sheria ya kodi kuwa na mpango wa maandishi wa kuwasaidia wenye kipato kidogo, na maombi hupokelewa hadi siku 240 tangu bili ya kwanza. Vituo vingi vya binafsi havina wajibu huo. Kwa familia yenye kipato cha chini, hospitali yenye bei kubwa inaweza kufuta sehemu ya bili, au yote. Omba fomu ya msaada kabla ya kuchagua kituo kwa bei yake tu.

Mitego miwili

Wa kwanza: unaweza kulala hospitalini usiku kucha ukahesabiwa bado ni mgonjwa wa nje, aliye chini ya uangalizi. Kwa wenye Medicare hili ni zito, kwani siku za uangalizi hazihesabiki katika zile 3 za kulazwa ambazo Medicare ya kawaida huzidai kabla ya kulipia nyumba ya uuguzi. Uliza waziwazi: nimelazwa, au naangaliwa?

Wa pili: mambo yakiharibika kituoni, utahamishiwa hospitali kwa gari la wagonjwa, na magari hayo ya barabarani hayamo katika kinga ya No Surprises Act. Uliza kituo huwapeleka wapi wagonjwa wake na kama hospitali hiyo inapokea bima yako.

Bili ya nyumbani

Ukirudi, nyumba yako ndiyo wodi. Vituo havikuruhusu kuondoka bila mtu mzima wa kukusindikiza, na usiku wa kwanza usilale peke yako. Dawa kali za maumivu hufunga choo na kukuzuia kuendesha gari. Kwa wiki kadhaa wengi huambiwa wasinyanyue zaidi ya paundi 10, kama kilo 4 na nusu, kwa hiyo mtoto mdogo hatabebwa. Kazi ya mezani unaweza kuirudia baada ya wiki 2 hadi 4; ya kunyanyua, wiki 6 hadi 12. Sheria ya shirikisho hulinda ajira yako kwa wiki 12 bila mshahara, ikiwa mwajiri ana wafanyakazi 50 au zaidi na umemfanyia kazi miezi 12 na saa 1,250.

Ikiwa mgongo uliumia kazini, ripoti mapema kwa maandishi. Bima ya ajali kazini ndiyo inayopaswa kulipia matibabu na sehemu ya mshahara, ingawa Texas huruhusu waajiri binafsi kutojiunga nayo.

Kabla ya kusaini

Omba mkalimani wa Kiswahili. Hospitali na vituo vinavyopokea fedha za serikali kuu vinatakiwa kumtoa bila malipo, na mtoto wako asiifanye kazi hiyo. Kisha uliza: namba ya upasuaji ni ipi? Unaweza kufanyika katika jengo gani jingine? Nani wote watanitumia bili, na wako kwenye mtandao wangu? Nikisubiri wiki 6 nina hatari gani? Nikipata homa, kidonda kikivuja au mguu ukilegea usiku, nampigia nani?

Mwenye bima, afya njema na mtu wa kukaa naye atanufaika kwa kawaida na kituo kinachojitegemea. Mwenye kipato kidogo asiye na bima aanze na ofisi ya msaada ya hospitali. Anayeishi peke yake, au mwenye maradhi mengine, asione haya kudai kitanda cha usiku mmoja, hata kama bei yake ni kubwa.