Majani ya mapera yanaua mikrobe: je, jino litapona?



Jino likiuma usiku, wengi wenu mnachemsha majani ya mapera na kusukutua. Wengine wanaweka kitunguu saumu au karafuu. Je, dawa hizo zina nguvu ya kweli?

Kwanza mjue adui. Katika kinywa mna mikrobe wengi. Mmoja anaitwa Streptococcus mutans. Yeye hula sukari na kutoa asidi inayotoboa jino. Tundu likifika ndani kabisa, mikrobe wengine huingia mpaka mzizini na kuleta usaha.

Katika laboratwari, majani hukaushwa, husagwa, hulowekwa katika maji au alkoli, kisha huchujwa. Mikrobe hupandwa katika sahani yenye chakula kilichoganda. Juu yake huwekwa kikaratasi kilicholowa dawa ile. Pembeni kingine chenye maji au alkoli tupu, na kingine chenye antibiotiki, kusudi kulinganisha. Sahani hukaa siku moja katika joto la digri 37, kama la mwili. Mikrobe wakishindwa kuota karibu na kikaratasi, panabaki duara safi. Duara hilo hupimwa kwa milimita.

Mapera, kitunguu saumu na karafuu vimepimwa hivyo mara nyingi, na duara limeonekana. Basi wazee wetu hawakusema bure.

Lakini sikilizeni vizuri. Katika sahani, dawa inagusa mikrobe siku nzima. Katika kinywa, mate yanaiondoa upesi. Tena usaha umejificha kwenye mzizi, ndani ya mfupa. Maji ya kusukutua hayafiki huko. Hata maumivu yakiisha, pengine ni mshipa wa jino uliokufa, na ugonjwa unaendelea chini kwa chini.

Kwa hiyo:

1. Kusukutua si vibaya, lakini nenda kwa mganga wa meno, jino lizibwe au ling'olewe.

2. Usitie jinoni maji ya batri wala esansi. Yanaunguza ufizi.

3. Ukivimba taya au shingo, ukipata homa, ukishindwa kumeza au kufungua kinywa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje mwisho wa posti: uvimbe ukishuka shingoni unaweza kuziba pumzi.

4. Watoto wapige mswaki asubuhi na kabla ya kulala, na sukari ipunguzwe.