Sifuri moja yatosha kukwamisha malipo ya India

WAFANYABIASHARA wanaoagiza bidhaa kutoka India wanashauriwa kuhakiki msimbo wa tawi la benki ya muuzaji kabla ya kutia saini fomu ya kutuma fedha, kwani kosa la herufi moja laweza kuchelewesha mzigo au kuzifikisha fedha kwenye akaunti ya mtu mwingine.

Chukua mfano wa mwenye duka la vipuri vya bajaji Kariakoo, Dar es Salaam. Muuzaji wake wa Pune amemletea profoma yenye jina la kampuni, namba ya akaunti, jina la benki na misimbo miwili. Mwenye haraka hudhani misimbo hiyo ni kitu kimoja, akaandika mmoja na kuuacha wa pili. Sivyo, kila mmoja una kazi yake.

Wa kwanza ni wa SWIFT, mtandao wa mabenki ulioanzishwa Ubelgiji mwaka 1973. Huwa na herufi na tarakimu 8 au 11. Nne za mwanzo hutaja benki, mbili zinazofuata hutaja nchi, kama TZ kwa Tanzania na IN kwa India, na mbili nyingine hutaja mahali. Tatu za mwisho, zikiwepo, hutaja tawi. Zisipokuwepo, ujumbe huenda ofisi kuu ya benki hiyo. Kwa maneno mengine, msimbo huu huzifikisha fedha India, lakini si lazima uzifikishe Pune.

Safari ya ndani ya India huongozwa na msimbo wa pili, uitwao IFSC. Ndio unaotumika katika mifumo miwili mikubwa ya malipo ya nchi hiyo, RTGS iliyoanza mwaka 2004 na NEFT iliyoanza mwaka 2005. Una nafasi 11. Herufi nne za mwanzo ni za benki: SBIN ni State Bank of India, ICIC ni ICICI Bank. Nafasi ya tano ni sifuri daima. Sita za mwisho ni za tawi lenyewe.

Hapo kwenye nafasi ya tano ndipo wengi hujikwaa, kwa kuandika herufi O badala ya sifuri. Kwa macho ya mtu tofauti ni ndogo, lakini kwa kompyuta msimbo huo haupo na malipo hukataliwa. Fedha hurudi zikiwa zimekatwa ada, na bei ya dola huenda imebadilika. Muuzaji naye hapakii mzigo mpaka aone fedha.

Jina halitoshi

Kosa la tarakimu za akaunti ni baya zaidi. Tangu Januari 1, 2011, agizo la Benki Kuu ya India linaziruhusu benki za huko kuingiza malipo ya kielektroniki ya ndani kwa kufuata namba ya akaunti peke yake, bila kulinganisha jina. Jina la kampuni lililoandikwa sawasawa haliwezi kuokoa namba iliyokosewa.

Benki hiyo iliagiza kwamba ifikapo Aprili 1, 2025 mtumaji wa RTGS na NEFT awezeshwe kuona jina la mwenye akaunti kabla ya kutuma. Lakini huduma hiyo ni ya wateja wa benki za India. Aliye Kariakoo bado anategemea alichoandika kwenye fomu, na saini yake ndiyo inayobeba kosa. Fedha zikishaingia kwa mtu mwingine, kwa kawaida benki huhitaji ridhaa ya mtu huyo ili kuzirudisha.

Profoma za zamani

Tatizo jingine ni kunakili misimbo kutoka kwenye malipo ya miaka iliyopita. Vijaya Bank na Dena Bank ziliunganishwa na Bank of Baroda mwaka 2019, na misimbo ya IFSC ya benki hizo mbili ikaacha kutumika Machi 1, 2021. Mteja anayefuata jalada lake la mwaka 2018 atakuwa anatuma fedha kwenye tawi ambalo kompyuta hailijui tena.

Wakati mwingine huwa kinyume chake. Barclays ya Kenya ilipobadili jina na kuitwa Absa mwaka 2020, msimbo wake wa SWIFT ulibaki BARCKENX. Hivyo asidhani mtu kwamba jina jipya lazima liwe na msimbo mpya. Aulize.

Inashauriwa kila malipo yawe na profoma mpya yenye misimbo yote miwili, na IFSC ilinganishwe na orodha inayochapishwa na Benki Kuu ya India. Ikiwa muuzaji ameleta akaunti mpya kwa barua pepe, apigiwe simu kwa namba iliyozoeleka, si ile iliyo ndani ya barua hiyo, kwani matapeli hupenda njia hiyo.

Baada ya kutuma, mfanyabiashara achukue nakala ya ujumbe wa SWIFT kutoka benki yake na kuipeleka kwa muuzaji siku hiyo hiyo. Kama kuna tarakimu iliyokosewa, muuzaji ataiona mapema, na benki itaweza kuombwa marekebisho kabla fedha hazijaingia kwenye akaunti isiyohusika.