Kazi Hainunuliwi kwa Mbuzi

Mama mmoja wa kikundi chetu alitujia akilia. Alikuwa ameuza mbuzi wawili ili amlipe kijana aliyemwahidi binti yake kazi serikalini. Fedha zilikwenda, kazi haikuja, na simu ya kijana yule haikupatikana tena. Tulimpa pole, kisha tukaona aibu. Miongoni mwetu hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kuomba kazi hizo ni bure.

Akina mama wapendwa, hapa Tanzania nafasi nyingi za utumishi wa umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika tovuti yake. Mwombaji hujisajili mwenyewe kwenye mfumo wa Ajira Portal, na halipi ada yoyote. Anayedai fedha ili "asukume jina" ni tapeli.

Lakini maandalizi ya kazi huanza mapema, mtoto angali shuleni. Sisi tulio wauguzi tumewaona wasichana wanaotamani sana kazi yetu, lakini waliiacha Fizikia kidato cha tatu kwa kuwa ni ngumu. Chuo cha uuguzi hudai ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia katika kidato cha nne. Binti hugundua hayo baada ya matokeo, na machozi hayabadilishi cheti. Sifa hizo zote zimeandikwa katika miongozo ya udahili: ya vyuo vya kati hutolewa na NACTVET, ya vyuo vikuu na TCU. Husomwa bure kwenye tovuti zao.

Basi, tufanye nini?

1. Mtoto akiwa kidato cha pili, tukae naye jioni moja, tufungue mwongozo kwenye simu, tusome sifa za kazi anayoitaka kabla hajachagua masomo.

2. Tukague majina. Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kitambulisho cha taifa visipofanana, maombi yaweza kukwama. Ni afadhali kurekebisha sasa.

3. Akihitimu, ajaze mfumo kwa mkono wake mwenyewe, na nywila asimpe mtu. Barua ya maombi aitie sahihi. Vyeti vithibitishwe na mwanasheria, na asipeleke hati ya matokeo mahali pa cheti.

4. Arudi kusoma matangazo kila wiki. Majina ya walioitwa kwenye usaili hutolewa hapo hapo.

Kama simu nyumbani ni moja, tuigawe. Siku hizi, Jumamosi baada ya ibada yetu, tunakaa mama na mtoto wake, na anayejua humfundisha asiyejua.

Binti wa yule mama alijisajili mwenyewe. Ameitwa kwenye usaili mara moja, hakuchaguliwa, na ameomba tena. Bado anasubiri. Lakini zizini kwao hakuna mbuzi mwingine aliyeuzwa.