Baiskeli ya Milioni na Mwiba wa Mathenge

Mwiba wa mathenge hauulizi bei ya tairi. Uwe umepanda Phoenix ya marehemu babu iliyopakwa rangi mara tatu, uwe umepanda baiskeli ya mashindano iliyoshuka melini jana, ukipita juu ya tawi lake kwenye njia za Garsen utashuka, utaibinua baiskeli magurudumu juu na utalitafuta tundu kwa mate. Kwa hiyo ndoto yangu ya baiskeli, ambayo naiota mchana kweupe mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu mwenye karo ya kulipa, haianzi kwenye fremu wala kwenye rangi. Inaanzia chini, kwenye mpira.

Mti wenyewe ni mgeni. Uliletwa Kenya mwaka 1973, ukapandwa Bamburi kufunika machimbo ya kiwanda cha saruji, kisha miaka ya 1980 ukasambazwa Baringo na huku Tana River ili uzuie jangwa na utoe kuni. Kuni ulitoa. Ulitoa pia vichaka visivyopitika na miiba ya kutoboa hata soli ya kiatu. Watu wa Baringo walifikia hatua ya kumpeleka mahakamani mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula matunda yake, awe kielelezo. Sisi wa Tana hatujampeleka mtu mahakamani. Tunauziana viraka.

Ugonjwa wangu wa kuota baiskeli ulizidi Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza kuletwa Afrika. Kuanzia tarehe 21 hadi 28 vilima vya Rwanda vilijaa watu kandokando ya barabara, na Tadej Pogačar wa Slovenia akatwaa ubingwa wa wanaume juu ya baiskeli ya Colnago. Wenzangu kwenye kibanda cha chai walikuwa wakiwatazama waendeshaji. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye vyombo.

Chombo cha daraja lile ukikitaka dukani, andaa zaidi ya dola 10,000. Kwa shilingi 129 kwa dola, hiyo ni milioni moja na laki mbili na elfu tisini, na hapo bado hujalipa meli wala ushuru, wala hujakutana na wakala wa kutoa mizigo bandarini Mombasa. Unachonunua kwa pesa hizo ni wepesi. Kanuni za shirikisho la kimataifa, UCI, haziruhusu baiskeli ya mashindano ya barabarani ipungue kilo 6.8, na wahandisi wa Ulaya hulipwa vizuri kuhakikisha haizidi hapo sana. Kilo 6.8 haifiki nusu ya dumu la maji.

Wala mtu asiseme hizi ni ndoto za wageni. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akafundwa na David Kinjah huko Kikuyu pamoja na vijana wengine wa kijijini, na baadaye akashinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017, akiwa juu ya Pinarello. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za mashindano hayohayo akarudi na jezi ya kijani. Kuna mtoto huku kwetu Hola au Minjila ambaye ameiona jezi ile kwenye simu ya mjomba wake, na sasa anaikodolea macho baiskeli ya baba kwa jicho jingine.

Baiskeli ya baba, lakini, ni mnyama mwingine. Huku kinachotawala ni kilekile tulichozaliwa tukakikuta: chombo cheusi, magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma badala ya waya, kiti cha springi. Wakenya huiita Black Mamba, iwe Raleigh ya Uingereza, Hero ya India au Phoenix ya China. Mpya inauzwa kwa shilingi elfu kumi na kitu. Itazame moja ya muuza maji ikiwa imeegemezwa ukutani sokoni. Keria ya kiwandani ilishatupwa. Iliyopo imeundwa kwa nondo na kuchomelewa, ina mabawa pande zote mbili. Madumu yamefungwa kwa mikanda iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, kwa sababu kamba huteleza na mpira hauachii. Pedeli moja imebaki chuma kitupu, tena king'avu kwa kukanyagwa. Nyuma, spoki mbili hazifanani na nyingine. Mwenyewe haendeshi: amesimama ubavuni, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika mgongo wa dumu la juu, na anasukuma. Chombo kile hakijawahi kupandwa kwa raha tangu kinunuliwe.

Hapa ndipo ndoto yangu inapoachana na ya mzungu tajiri. Yeye hulipa milioni ili apunguze. Mimi nataka nilipe ili niongeze: nguvu, uvumilivu, siku za kukaa mbali na fundi. Sioni kwa nini anasa iwe ni wepesi peke yake. Mtu anayeshinda na baiskeli kuanzia alfajiri hadi magharibi ana haki kubwa zaidi ya kuota chombo cha gharama kuliko wakili anayeipanda Jumamosi asubuhi kwa saa mbili na kurudi nyumbani kuoga.

Basi nimeiunda kichwani, kipande kwa kipande. Fremu ni chuma. Chuma kikivunjika Garsen kuna mtu mwenye mashine ya kuchomelea. Kaboni ikivunjika Garsen utapewa pole. Kiti ni Brooks cha ngozi kutoka Uingereza, aina ya B17, ambayo kampuni hiyo imekuwa ikiitengeneza tangu mwishoni mwa karne ya 19. Ni kigumu mwanzoni, kisha ngozi hujifunza umbo la mwenyewe na hakimfai tena mtu mwingine, jambo ambalo katika mji wa kuazimana baiskeli ni kinga nzuri.

Gia ni Rohloff ya Ujerumani. Ni habu ya gurudumu la nyuma yenye gia 14, zote zimefichwa ndani ya oili, vumbi halizioni. Ilianza kuuzwa mwaka 1998 na wasafiri wa masafa marefu wanaiapia. Habu hiyo peke yake ni zaidi ya euro 1,000, na unapoisikia bei yake usisahau kwamba bado hujanunua gurudumu. Utaniuliza, gia 14 za nini katika nchi isiyo na kilima? Kilima chetu ni upepo. Ondoka Malindi msimu wa kusi ukielekea Garsen, zaidi ya kilomita 100, na utajiona bingwa: mgongo unasukumwa, mikono imelegea, unaimba. Kisha ujaribu kurudi. Kusi linakukuta kifuani toka asubuhi, na kwenye ile nyika iliyo wazi hakuna nyumba wala mwembe wa kujikinga. Hapo ndipo mtu huitaka gia ya tatu, ya pili, na hata ya kwanza.

Badala ya mnyororo nimeweka mkanda wa Gates, wa Marekani. Haushiki kutu, hautaki grisi, haukuchafulii kanzu ukienda Ijumaa. Taa ya mbele inapata umeme kwenye dinamo iliyomo ndani ya habu, na umeme huohuo unaweza kuchaji simu, kwa hiyo kutoka Garsen hadi Tarasaa ungefika na betri zaidi kuliko uliyoondoka nayo. Na matairi, kwa ajili ya mathenge, ni mapana yasiyo na tyubu, yenye maji mazito ndani. Mwiba ukiingia, maji hukimbilia kwenye tundu, yanaganda, na safari inaendelea. Haya ni kweli; yapo, yanauzwa. Kati ya mambo yote ninayoyaota, hilo la tairi linalojiziba ndilo hunikosesha usingizi.

Jumla inakaribia shilingi laki saba.

Laki saba Garsen ni maneno mazito. Ni pikipiki tatu za Boxer na pesa ya mafuta juu. Tangu pikipiki za bei nafuu kutoka India na China zilipofurika nchini, mtu mzima mwenye baiskeli anaonekana kama aliyekwama, na mtu mzima anayetaka baiskeli ya laki saba anaonekana kama aliyerogwa. Mkulima wa Kipokomo atakuuliza hizo ni pampu ngapi za kuvutia maji ya mto kwenye migomba. Mfugaji wa Kiorma hatauliza chochote. Atafanya hesabu ya ng'ombe kimyakimya, akutazame, na ukimbana sana atakukumbusha kwamba baiskeli haizai. Sina jibu la hilo. Ng'ombe naye hufa kwa ukame, ila kumwambia hivyo mtu ambaye ukame umemchukulia nusu ya zizi ni utovu wa adabu.

Halafu kuna maji. Tana ni mto mrefu kuliko yote nchini, karibu kilomita 1,000 kutoka Aberdare na Mlima Kenya hadi Kipini, na mvua ikinyesha sana huko juu, mabwawa ya Masinga na wenzake yakafurika, sisi wa delta ndio tunaopokea. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yaliharibu mpaka miundombinu ya mradi mkubwa wa mpunga wa TARDA, mamlaka ya serikali ya maendeleo ya mito Tana na Athi. Mwishoni mwa 2023 yakarudi, na masika ya 2024 tena. Siku kama hizo huendi popote kwa baiskeli. Baiskeli ndiyo inayokwenda. Hulazwa juu ya mtumbwi, gurudumu moja limetokeza nje ya ubavu, na mwenyewe anachuchumaa akiishika fremu huku mwenye pondo akisukuma. Maji yakishuka yanaacha udongo mweusi wa delta. Udongo huo una tabia yake: unashika tairi, unajaa chini ya madigadi, unakauka humo, na gurudumu linagoma kuzunguka. Utawaona watu wamesimama njiani wakiuchokoa kwa kijiti. Wengi hung'oa madigadi kabisa na kukubali mgongo uchafuke. Katika ndoto yangu nafasi kati ya tairi na fremu ni vidole vitatu, na sijaona baiskeli ya milioni yenye nafasi ya namna hiyo.

Waliokaribia ninachokisema ni watu wa World Bicycle Relief, shirika la Marekani lililoanza 2005 kwa kuwagawia baiskeli walionusurika tsunami ya Sri Lanka, kisha likahamishia nguvu zake Afrika. Baiskeli yao inaitwa Buffalo, na hapa Kenya huunganishwa Kisumu. Ni nzito, zaidi ya kilo 20, na keria yake imeundwa kubeba kilo 100. Miaka ya karibuni wametoa toleo lenye gia mbili ambalo fundi akilieleza mara ya kwanza unadhani anakutania: lina minyororo miwili na friwili mbili, halina waya wala kitufe cha gia. Ukitaka kubadilisha, unarudisha pedeli nyuma kidogo, kisha unaendelea kukanyaga. Basi. Hakuna cha kukatika kwenye usukani, hakuna cha kuchezewa na watoto. Nadhani huo ni uhandisi unaostahili makofi kuliko gramu hamsini zilizopunguzwa kwenye kiti cha Colnago. Kosa lake ni moja tu: haikutengenezwa kutamanisha. Imetengenezwa kumfaa mtoto wa shule na mhudumu wa afya wa kijijini, na kitu cha kukufaa si lazima kikukoseshe usingizi. Mimi nataka vyote viwili.

Nilimwonyesha fundi wangu wa baiskeli picha kwenye simu. Ni mzee aliyekaa chini ya mwarobaini uleule na beseni lake la maji kwa miaka mingi, na mikono yake haitofautishi tena spana na vidole. Aliivuta picha ikawa kubwa, akairudisha, akaikuza tena kwenye habu ya nyuma.

"Huu mkanda ukikatika, kijana wangu, utaushona na nini?"

"Haukatiki, Mzee."

"Kila kitu hukatika. Na fremu hii umeikata hapa nyuma kwa nini?"

Nikamweleza kwamba mkanda hauna kiungo cha kufungua kama mnyororo, kwa hiyo ni lazima fremu yenyewe ifunguke ili uupitishe. Alikaa na jambo hilo kwa muda. Nilidhani atacheka. Badala yake aliuliza kama mpya ukiagizwa Nairobi unaweza kuletwa na basi, nikasema ukipatikana unaweza, akatikisa kichwa kama mtu aliyekubaliana na sharti gumu la mahari.

Kisha akauliza abiria anakaa wapi.

Picha za baiskeli za ndoto hazina keria. Zinapigwa ubavuni, ukutani pamesafishwa, hakuna mzigo, hakuna mtu. Nikamwambia tutaiweka. Akachukua kijiti akachora mchangani: nondo ya nusu inchi, mabawa mawili, miguu minne ya kushikia kwenye ekseli, nafasi ya madumu manne na ubao wa kukalia mke wa mtu akienda hospitali Ngao. Akasema kazi hiyo, pamoja na kuchomelea, ni elfu tatu na mia tano. Nikataja elfu mbili. Akasema chuma kimepanda. Nikasema fremu ni yangu na nondo nitaleta mwenyewe. Tukavutana hivyo, jua likauzunguka mwarobaini, mpaka tukafika elfu mbili na mia nane, tukapeana mikono. Ndipo akafungua kiganja na kuniomba arubuni.