Mlimani au Same Mjini? Mambo ya Kupima Kabla ya Kununua Nyumba



Kamati za sharika zimekuwa zikituuliza swali moja kwa namna nyingi. Mtumishi anakaribia kustaafu, au mjane wa mtumishi hana makazi, na fedha kidogo zimepatikana. Je, anunuliwe nyumba iliyokwisha jengwa huko mlimani, au kiwanja chenye nyumba ndogo Same mjini? Wafadhili nao wanauliza kwa nini fedha walizotuma hukaa benki miezi kadhaa kabla nyumba haijanunuliwa. Maswali haya mawili yana jibu moja, ndiyo maana tumeyaweka katika makala hii.

Tuanze na maji, kwa kuwa hapa kwetu nyumba bila maji ni kuta tu. Same iko kwenye kivuli cha mvua. Kwa wastani mji hupata chini ya milimita 600 kwa mwaka, wakati miteremko ya mlimani inayoelekea mashariki hupata zaidi ya 1,000. Kwa miaka mingi mtu aliyetaka kujua thamani ya nyumba mjini aliangalia kwanza ukubwa wa tangi lake. Hali ilianza kubadilika Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe unaochukua maji Bwawa la Nyumba ya Mungu. Ujenzi wake ulikuwa umeanza 2014. Hata hivyo, mradi kuzinduliwa si sawa na bomba kufika uani. Kamati iulize bomba kubwa la karibu liko umbali gani na kuunganishwa kunagharimu kiasi gani. Kisha imwombe jirani, kwa upole, aonyeshe ankara zake za maji za miezi michache na kueleza maji hutoka siku ngapi kwa wiki. Jirani hana cha kuuza, hivyo maneno yake yana uzito kuliko ya dalali.

Mlimani maji hutiririka yenyewe kutoka chemchemi, na wazee wetu walijenga ndiva kuyahifadhi kwa zamu za umwagiliaji. Hapo swali ni la zamu: je, nyumba hiyo ina haki katika mfereji, na nani anaitambua? Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au chanzo cha maji. Nyumba nzuri iliyo hatua ishirini kutoka kwenye kijito inaweza kuwa nyumba ya matatizo.

Jambo la pili ni ardhi yenyewe, nalo tunaomba lisipitwe haraka. Novemba 2009, baada ya mvua kubwa, maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 20 huko Goha, Mamba Miamba. Walikuwa nyumbani kwao. Tangu hapo hatukubali kununua nyumba ya mlimani iliyotembelewa kiangazi tu. Tunapanda wakati wa masika. Tunaangalia kama mlima umechongwa nyuma ya nyumba, kama kuna nyufa ardhini sehemu ya juu, kama miti imeinama kuelekea bondeni, na kama chemchemi iliyokuwa safi imeanza kutoa tope. Dalili moja kati ya hizo inatosha kutufanya tushuke bila kuongea bei. Same mjini hatari ni nyingine: makorongo. Korongo kavu la Septemba ni mto wa Aprili, na viwanja vya bei rahisi mara nyingi viko kando yake.

Kuna wanaovutiwa na barabara kuu, na ni kweli kwamba chumba cha biashara kinachoitazama hulipa. Lakini hifadhi ya barabara kuu, kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake, ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Zamani ilikuwa mita 22.5, hivyo zipo nyumba zilizojengwa nje ya hifadhi ya zamani ambazo sasa zimo ndani ya ile mpya. Pimeni kwa futi kamba, msikisie kwa macho. Reli ya Tanga hadi Moshi nayo ina hifadhi yake, na kwa kuwa treni ya abiria ilirudi Moshi Desemba 2019, asiwepo wa kuwaambia kuwa eneo la reli limesahauliwa.

Sasa tuje kwenye hati, mahali ambapo fedha za wafadhili hukaa zikisubiri. Ardhi ya kijiji mlimani iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, hivyo mauziano yapitie halmashauri ya kijiji na yaonekane katika mihtasari yake. Kiwanja kilichopimwa mjini kina namba, mawe ya mipaka na hati, na upekuzi hufanyika katika ofisi ya ardhi ili kujua kama kimewekwa rehani au kinadaiwa pango. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa peke yake hautoshi (tunasema mtaa wa serikali, si mtaa wa usharika!). Pia Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa na mume bila ridhaa ya mke, wala na mke bila ridhaa ya mume. Kwa hiyo tunaomba kumwona mwenzi wa muuzaji ana kwa ana. Nyumba ikiwa ni mali ya kanisa, iandikwe kwa jina la Wadhamini waliosajiliwa, si la mwenyekiti wa kamati, hata akiwa mwaminifu kiasi gani.

Mwisho ni maisha ya huyo atakayekaa. Kwa mzee mwenye presha au kisukari, mjini ni karibu na hospitali, na Moshi iko kama kilomita 100 kwa lami. Mlimani, siku ya mvua, gari linaweza lisipande kabisa. Lakini mlimani kuna shamba, migomba na tangawizi. Mahindi na maharage ya makande yanatoka uani, wakati mjini yote hayo yananunuliwa sokoni. Maoni yetu ni kwamba mzee mgonjwa anunuliwe mjini, katika kiwanja kilichopimwa, hata kama nyumba itakuwa ya vyumba viwili tu. Hatutaunga mkono ombi linalotaka shamba la mlimani liuzwe ili kuongezea bei ya nyumba ya mjini. Shamba likikodishwa kwa ndugu kwa maandishi, kipato hubaki na watoto wana pa kurudi.

Kamati yenye ombi ituletee majina ya maeneo mawili, si moja, pamoja na muhtasari wa kikao na nakala za hati. Tutayatembelea yote mawili, mara moja wakati wa kiangazi na mara moja wakati wa masika, kabla shilingi yoyote ya malipo ya awali haijatolewa.